Kupeleka gari yako ya porini Oman kutokea Tanga: mwongozo kamili, kuanzia kadi ya gari mpaka mchangani

Kama una mkonga (ile Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa), Defender, Prado au hata kijimny kimekaa uani pale Raskazone au Sahare na umeshachoka kukipeleka Saadani na Lushoto kila sikukuu, basi hii ni ya kwako. Tunaongelea kuiweka gari yako mwenyewe, yenye namba zake za T, ndani ya meli, ikashukie ng'ambo, uiendeshe huko wiki kadhaa milimani na jangwani alafu uirudishe nyumbani. Sio kukodi huko, sio kuuza huko. Kwenda na kurudi.

Mfano wangu wote humu ni Oman na sababu ziko wazi. Ni ng'ambo ya karibu, wazee wetu walikuwa wakipokea majahazi ya huko kaskazi ikivuma na kuyaaga kusi ikianza, na ukifika Muscat utakuta watu kibao wanaongea Kiswahili maana baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Zanzibar na mwambao zilirudi kule na lugha yao. Alafu kwa mtu wa gari za foo wili ile nchi imekamilika: mchanga, milima ya kama mita 3,000, mabonde ya mawe wanayoita wadi, na pwani ndefu ambayo unaweza ukalala peke yako na hakuna wa kukusumbua. Ukizielewa hatua za Oman unaweza kwenda nazo kokote, kinachobadilika ni masharti ya nchi tu.

Ila niseme mapema, hii si safari ya waja leo waondoka leo. Jipe miezi mitano sita ya kujiandaa. Na ushike hili moja kabla ya mengine yote, gari inavuka bahari kwa karatasi. Watu wanaanza kwa kununua matairi ya gharama, winchi, hema la juu, taa za kumulika mpaka Pemba, ukiwauliza kadi ya gari unakuta bado ina jina la aliyewauzia mwaka juzi.

ANZA NA KADI

Toa kadi ya gari leo hii uiangalie vizuri. Jina ni lako? Kama sio, nenda TRA kahamishe umiliki kabla hujampigia mtu yeyote wa meli, maana kila karatasi inayofuata itasoma jina la kwenye kadi na itatakiwa ifanane na pasipoti yako herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed hapa Chumbageni ni mtu mmoja, kule forodhani ni watu wawili. Kama gari ni ya kampuni au ya mzee, unahitaji barua ya idhini iliyogongwa muhuri na wakili, iandikwe Kiingereza, na ukipata mtu wa kuitafsiri Kiarabu ndo bora zaidi. Kama ina mkopo, ujue kadi halisi ipo benki na bila ruhusa yao ya maandishi huendi popote, na wengi watakataa, kwahiyo uliza hilo kwanza usije ukapoteza muda.

Kisha namba za chesisi na injini. Kwenye mkonga namba ya chesisi imechongwa kwenye fremu usawa wa tairi la mbele kulia, na kwa chumvi yetu hii ya bahari mara nyingi huoni kitu hapo, kutu tupu. Isafishe taratibu na brashi ya waya na mafuta ya taa, ipake grisi kidogo. Usimruhusu fundi aipige na mashine ya kusagia, ikishasagwa inaonekana kama imechezewa na hapo umejitafutia maelezo ambayo huwezi kuyamaliza. Injini nayo, magari yetu mengi yameshabadilishwa injini hata mara mbili, kama namba ya kwenye bloku haifanani na kadi rekebisha kwanza huku nyumbani. Ofisa wa bandarini huko hatasikiliza stori ya fundi wa Ngamiani.

KANETI, HII NDO PASIPOTI YA GARI

Jina lake kamili ni Carnet de Passages en Douane. Ni kitabu kinachotolewa na klabu za magari zilizo chini ya mtandao wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kinadumu mwaka mmoja, na kazi yake ni kuihakikishia forodha ya nchi unayoingia kwamba hii gari itatoka, na isipotoka klabu italipa ushuru alafu itakuja kukudai wewe. Ndo maana wanakutaka uweke dhamana kabla ya kukupa, pesa taslimu au hati ya benki, na ukubwa wake unategemea thamani ya gari na nchi unazokwenda. Hii dhamana ndo inayoua safari nyingi. Pesa sio kwamba imepotea, itarudi, ila inakaa kimya miezi yote hiyo, kwahiyo usichukue ya ada za watoto.

Kwetu pa kuanzia ni Chama cha Magari, AA ya Tanzania, Dar es Salaam. Waulize waziwazi: mnatoa wenyewe, au mnaniunganisha na klabu nyingine? Dhamana shilingi ngapi kwa gari ya thamani hii kwenda Oman? Inarudi baada ya muda gani? Wakuandikie. Ukiwa huko huko ulizia na leseni ya kimataifa.

Kila ukurasa wa kaneti una vipande vitatu. Kimoja wanakichana ukiingia nchi, kingine wanakichana ukitoka, na kishina kinabaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Ukiwa na muhuri wa kuingia bila wa kutoka maana yake kwenye vitabu vyao gari bado iko kule, hata kama imepaki mbele ya nyumba yako Makorora. Kwahiyo kila ofisa akigonga muhuri, simama palepale usome tarehe, jina la kituo na saini, usione haya kumrudishia. Na thamani ya gari uliyoandika iwe ya kweli, usiishushe ili dhamana ipungue.

Kama una mpango wa kuvuka kuingia Falme za Kiarabu, kaneti wanaitaka. Oman nao ukiingia na kontena bandarini kaneti ndo inakurahisishia, vinginevyo unajiingiza kwenye mazungumzo ya kuweka dhamana palepale na wakala anakuhesabia siku.

UPANDE WA NYUMBANI WENGI WANAUSAHAU

Hapa naomba usome polepole. Nchi za Ghuba ushuru wao wa pamoja wa forodha ni asilimia 5. Kwetu Tanzania gari ni asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake VAT asilimia 18, na kama gari ni ya zamani kuna nyongeza ya uchakavu. Sasa jiulize hatari kubwa iko wapi. Mtu anahangaika mwezi mzima na karatasi za Oman, gari anaitoa Tanzania kienyeji, anaporudi forodha wanamuuliza hii gari ilitoka lini na iko wapi karatasi ya kutokea. Hana. Basi kwa macho ya mfumo hiyo ni gari iliyotumika inaingia kutoka nje, na mkonga wa miaka ya tisini kwa hesabu hiyo inaweza kukutoa machozi.

Kwahiyo mwambie wakala wa forodha, tena kwa maandishi, kwamba unatoa gari kwa muda na itarudi. Tamko liseme hivyo, liwe na namba ya chesisi, ya injini, namba za usajili na orodha ya vifaa vya thamani vilivyofungwa juu yake kama winchi, friji na hema. Hivyo vifaa navyo vikirudi bila kutajwa vinaweza kuhesabiwa ni vipya. Pata nakala ya tamko yenye muhuri, ipige picha, jitumie kwenye barua pepe, mpe na mkeo au dada yako nakala. Wakala mtafute mwenye leseni na aliyewahi kutoa kitu kwenda nje, maana wengi wetu hapa wamezoea kuingiza tu, kutoa kwao ni kitu kigeni.

KONTENA AU MELI YA MAGARI

Meli ya magari gari inaendeshwa mpaka ndani, haihitaji kufungiwa kwenye boksi, na gari ndefu au yenye hema juu inaingia bila shida. Ubaya wake ufunguo unawaachia watu usiowajua, na vitu vya ndani haviruhusiwi au vinaondoka vyenyewe. Alafu nyingi zinazokuja kwetu zinatoka Japani kuleta magari yaliyotumika, ratiba yao inafuata soko hilo, haikufuati wewe unayetaka kwenda Salalah, bandari ya kusini mwa Oman.

Mimi nasema kontena. Unapakia mwenyewe, unafunga mwenyewe, ufunguo unabaki mfukoni. Ila kontena ina vipimo na vipimo havina mjomba. La futi 20 la kawaida kwa ndani lina urefu wa kama mita 5.9, upana mita 2.35, lakini kinachokuhusu zaidi ni mlango, kimo chake ni kama mita 2.28. Mkonga wenyewe unapita. Mkonga wenye keria na hema juu haupiti. Pima gari kutoka chini mpaka sehemu ya juu kabisa, pamoja na antena na kile kichwa cha mkonga wenyewe wa kuvutia hewa, usikadirie kwa macho. Ikizidi kidogo unaweza kupunguza upepo kwenye matairi ukapata sentimita kadhaa, ikizidi sana vua keria ulaze ndani ya kontena pembeni. La futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12, kwahiyo Prado mbili zinakaa na mnagawana gharama, na lile la kimo kirefu mlango wake unafika kama mita 2.58, hapo hata hema linaingia. Kwa maoni yangu hii ndo njia ya akili: tafuta mwenzako mmoja mwenye gari ya aina moja na yako, mchukue la futi 40 refu, spea mnabeba seti moja, na jangwani ni lazima magari yawe angalau mawili hata hivyo.

TANGA, DAR AU MOMBASA

Bandari yetu ya sasa sio ile ya matishari. Kina cha gati kimetoka mita 3 mpaka 13 na gati lina urefu wa mita 450, meli zinafunga kabisa. Kupakia hapa kuna raha yake, gari unaitoa nyumbani asubuhi na mchana uko bandarini. Ila swali la kuuliza ni kontena lako litapitia wapi. Makontena mengi ya njia hizi hushushwa bandari nyingine yakasubiri meli ya pili, na kila kushushwa ni siku na ni hatari ya kucheleweshwa. Omba bei ya Tanga na bei ya Dar siku moja, linganisha siku za njiani na sio bei peke yake. Dar kuna meli nyingi zaidi, ila ni kama kilomita 350 za barabara na unatakiwa ulale huko siku kadhaa.

Mombasa watu wanaitamani kwasababu Horohoro ni pua na mdomo. Shida ni kwamba gari inakuwa imetoka Tanzania, imeingia Kenya, alafu inatoka Kenya kwa meli, forodha mbili na mawakala wawili. Sio haramu, ila kwa mtu wa mara ya kwanza siishauri.

Bei unayopewa kwa simu ni ya baharini tu, usishangilie. Uliza kila kitu kwa mkupuo: nauli ya meli, kupakua na kupakia bandari zote mbili, karatasi ya BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo), kupima uzito wa kontena lililojaa ambao ni sharti la kimataifa tangu Julai 2016, wakala wa huku, wakala wa kule, kurudisha kontena tupu, siku za bure bandarini ni ngapi na demareji, yaani tozo ya kuchelewa, baada ya hapo kwa siku ni kiasi gani. Upande wa kule ndo unaochoma, maana bei inakuja kwa rial na rial moja ni kama dola 2.6.

Bandari ya kushukia: kwa anayetaka milima na Muscat ni Sohar, mizigo ya biashara ilihamishiwa huko 2014 na bandari ya Mutrah pale Muscat ikaachwa kwa watalii. Kwa anayetaka jangwa la Rub al Khali na mkoa wa Dhofar ni Salalah, na Salalah iko bahari ya wazi, huingii kabisa Bahari ya Shamu yenye matatizo yake.

Kitu kingine, magari yetu usukani uko kulia na wao wanapita kulia mwa barabara. Kabla ya kulipa chochote mwambie wakala wa kule akuandikie kwenye barua pepe kwamba gari ya usukani wa kulia, namba za Tanzania, yenye kaneti, inaruhusiwa kuingia kwa muda. Hiyo barua utatembea nayo.

BIMA YA BAHARINI

Ziko aina mbili kubwa. Ya bei rahisi inalipa gari ikipotea kabisa, na ya bei juu inalipa na mikwaruzo, kuvunjika, wizi. Kwa kontena ulilofunga mwenyewe ya rahisi inaweza kutosha, lakini usisafiri bila yoyote, na sababu wengi hawaijui. Kuna sheria ya zamani sana ya baharini kwamba meli ikipata janga na ikatumika gharama kuiokoa, wenye mizigo wote wanachangia, hata ambaye mzigo wake hauna hata mkwaruzo. Ile Ever Given iliyokwama Suez Machi 2021 wenye meli waliitangaza hiyo sheria, na wenye makontena wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kuchukua vitu vyao. Ukiwa na bima, bima inashughulika. Ukiwa huna, unakaa bandarini Salalah unapigia ndugu simu.

Ile bima yako ya barabarani na kadi ya njano ya COMESA vinaishia huku Afrika, kule unakata bima ya nchi ukifika, kabla gari haijagusa lami.

GARI YENYEWE SASA

Nimeiweka huku chini makusudi. Gari nzuri ya safari hii ni gari isiyo na mambo mengi. Injini kama 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na taabo, ni mvivu mlimani lakini fundi yeyote anaielewa, na Oman Land Cruiser zimejaa, spea za kawaida utapata. Badilisha vya mpira vyote kabla hujaenda: fani belti, hozi za rejeta, bushi za shokapu. Hivyo ndo vinavyokufa kwenye joto, na kiangazi jangwa la kule linapita nyuzi 45. Rejeta itolewe isafishwe, sio kumwagiwa maji kwa juu. Bearingi za magurudumu zipakwe grisi mpya na ubebe seti moja. Filta za dizeli na za hewa beba za ziada, vumbi la kule ni laini kama poda.

Kisha ijaribu na mzigo wote, maji matanki yamejaa, watu ndani. Panda Mombo mpaka Lushoto, endelea mpaka Mtae, angalia geji ya joto kwenye kile kipande cha kona za Soni, alafu shuka kwa gia ukisikilizia breki. Wiki nyingine nenda Pangani, vuka kwa kivuko mpaka Bweni, pita njia za Saadani zenye mchanga. Ukirudi lala chini ya gari na tochi: nati zilizolegea, shokapu inayovuja, keria iliyopasuka ilipochomelewa, vyote vitajionyesha hapo. Ufukweni kwenyewe usiendeshe jamani, kasa wanataga kule.

Taa, watu hawalijui hili: taa zetu za dimu zimeelekezwa kushoto, ukipita kulia zinampiga usoni anayekuja. Kata utepe mweusi wa gundi ubandike kipande kinachotupa mwanga huko.

KUPAKIA

Osha gari mpaka chini, tope la mwisho litoke, mbegu na udongo ni kitu forodha za nchi nyingi hazitaki. Kisha ipekue mwenyewe kabla hawajaipekua wao, chini ya viti, ndani ya boksi la spana. Mirungi hata kijiti kimoja kikavu kilichoachwa na abiria ni kesi kubwa Ghuba. Dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini acha nyumbani, au uwe na cheti cha daktari na kibali. Droni na simu za satelaiti kule zinahitaji kibali, usivifiche.

Tanki liwe robo au chini yake, mtungi wa gesi uwe mtupu kabisa na valvu wazi, madumu makavu. Siku ya kontena, kabla gari haijaingia, ingia wewe, mwambie kijana afunge milango, simama gizani dakika moja. Ukiona mwanga unapenya popote, hilo kontena linaingiza maji, likatae waletewe jingine. Ukishaingiza gari weka gia na hendibreki, funga mikanda ya kukazia kwenye ekseli au kwenye magurudumu kwa kupishana, sio kwenye bampa, weka vigingi vya mbao kila tairi. Mbao hizo ziwe zenye ule muhuri wa kutibiwa wadudu, mbao ya kuokota Duga inaweza kukusimamishia kontena zima. Chomoa waya hasi wa betri. Kama ni miezi ya kusi kaza zaidi, bahari ya Arabia wakati huo inachafuka kwelikweli. Piga picha kila hatua, ya mwisho iwe ya namba ya sili mlangoni.

Orodha ya vitu vya ndani iandike ukweli na iwe fupi. Neno "vitu binafsi" peke yake linamfanya ofisa atake kutoa kila kitu.

KUFIKA

Usipande ndege siku meli inaondoka. Weka mwezi mzima wa njiani, fuatilia kontena kwa namba yake, na uruke likiwa limebakiza siku chache. Viza unaomba mtandaoni kwa Polisi wa Kifalme wa Oman. Wakala wa kule asiguse kaneti yako bila wewe kuwepo, shika kitabu chako mwenyewe mpaka dirishani. Jamaa mmoja wakala wake alimpelekea kitabu "kumsaidia", ofisa akagonga kipande cha kutokea badala ya cha kuingilia, na kurekebisha kulikula siku zote za bure za bandari.

Alafu vunja sili mbele ya mashahidi, piga picha tena, rudishia betri, nenda kituo cha mafuta cha kwanza.

BARABARANI NA MCHANGANI

Lami ya Oman inatelezesha mpaka unasahau, kikomo barabara kuu ni 120 na kamera ziko kila mahali, mkonga haufiki huko kwa raha hata hivyo. Kupita lori na usukani wa kulia huoni kitu, abiria wako ndo macho yako, na kama humwamini usipite. Ngamia barabarani Dhofar ni wengi, usiku tulia.

Msimu chagua mapema. Jangwa ni Oktoba mpaka Machi. Salalah ina kitu chake kinaitwa khareef, kuanzia 21 Juni mpaka 21 Septemba mvua nyepesi na ukungu vinageuza milima kijani, pembeni ya barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai, mtu wa Tanga utacheka. Ila wakati huohuo kwenda jangwani ni kujiua.

Mchangani kazi kubwa inafanywa na upepo wa matairi. Shusha mpaka PSI 15 hadi 18, ukinasa shuka kidogo tena, na usikate kona kwa nguvu tairi lisije likatoka kwenye ringi. Ukihisi gari inazama acha mafuta, usikanyage, kila unapokanyaga unajichimbia kaburi. Shuka, koleo, ondoa mchanga nyuma ya matairi na chini ya difu, weka mbao za kujinasulia, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Kabla ya kurudi lami jaza upepo, kwahiyo pampu ya umeme ni muhimu kuliko winchi, kule winchi utaifunga kwenye mti gani? Jangwa la Wahiba ni pazuri pa kujifunzia. Rub al Khali, kupitia Thumrait na Shisr, ni magari mawili au zaidi, mafuta ya kwenda na kurudi, maji si chini ya lita 6 kwa mtu kwa siku, na mtu mjini anayejua ukikawia apige 9999. Nyanda za chumvi za Umm as Samim na zile za Bar al Hikman juu zinaonekana zimekauka na chini ni uji, usitoke kwenye alama za matairi ya magari yaliyotangulia.

Milimani, Jebel Akhdar kuna kizuizi cha polisi Birkat al Mouz, bila foo wili hupandi, na kushuka ni gia ya chini kabisa. Wadi zikiwa na maji usivuke hata kama wenyeji wanavuka, mvua inanyesha mlimani usikoona, na kule ni kosa la kisheria vilevile.

KURUDI

Yaleyale kwa kinyume, na muhuri wa kutokea upatikane kabla kontena halijafungwa. Ukifika Tanga wakala atoe lile tamko la mwanzo, namba zilinganishwe, kisha forodha wajaze ile sehemu ya mwisho ya kaneti inayothibitisha gari imeonekana nyumbani. Hii watu wanairuka kwa uchovu. Rudisha kitabu AA wakati bado hakijaisha mwaka, dai risiti ya kupokelewa, na mwombe anayekipokea akuandikie tarehe dhamana yako itakapotoka.